Miaka 39 ya Cranes: mkosi au hesabu?

Tarehe 8 Oktoba 2011 mechi mbili za kufuzu AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, ziliisha 0-0. Katika uwanja wa Namboole, Kampala, timu ya taifa ya Uganda, Cranes, walihitaji ushindi dhidi ya Kenya, wakakosa bao dakika zote tisini, na maelfu ya watu wakatoka uwanjani vichwa chini. Siku hiyo hiyo mjini Nelspruit, Afrika Kusini walitoka sare tasa na Sierra Leone, kipenga cha mwisho kikalia, wachezaji wakaanza kucheza ngoma na kushangilia mbele ya kamera kwamba wamefuzu. Hawakuwa wamefuzu. Waliokata tiketi ni Niger, ambao siku hiyo hiyo walikuwa wamechapwa 3-0 na Misri.

Naandika kutoka Busia, mji ambao mpaka wa Uganda na Kenya unaupasua katikati, na sare ile ya Namboole bado inatajwa hapa kana kwamba ilichezwa juzi. Upande wetu neno linalotajwa ni mkosi. Miaka 39 bila AFCON, tangu 1978 hadi 2017, lazima kuna kitu, wanasema, kuna mtu alizika kitu golini. Upande wa pili wanacheka tu. Mimi sioni mkosi. Naona kanuni za mashindano, ambazo wengi wetu huzisoma baada ya kipenga, na naona pointi zilizodondoshwa kwenye mechi ambazo hakuna anayezililia.

Tuanze na hao waliocheza ngoma bure. Katika kundi lile Niger, Afrika Kusini na Sierra Leone walimaliza wote na pointi 9. Ukichukua mabao ya kufunga ukatoa ya kufungwa, Afrika Kusini walikuwa juu: wao +2, Sierra Leone sifuri, Niger -2. Lakini kanuni za CAF, shirikisho la soka la Afrika, zilisema timu zikilingana pointi, kinachotazamwa kwanza ni mechi walizocheza wenyewe kwa wenyewe. Kwa hiyo unamfuta Misri, bingwa mtetezi aliyeburura mkia, kana kwamba hakuwepo kundini. Unabaki na jedwali dogo la watatu. Humo Niger wana pointi 6, wenzao 5 kila mmoja. Zile 3-0 walizofungwa na Misri hazihesabiki. Na Afrika Kusini walikuwa wameilinda kwa jasho sare ambayo haikuwafaa kitu.

Kumbe kuna vipimo viwili vinavyogombania nafasi ya kwanza: tofauti ya mabao ya kundi zima, na mechi baina ya waliolingana. Kila shirikisho lina mpangilio wake, na mpangilio hubadilika miaka ikienda. Ukishika hilo, historia ya Cranes inasomeka upya kuanzia siku yao kubwa kuliko zote.

Ghana, 1978

Kikosi kile ndicho kipimo cha kila kikosi kilichofuata. Kulikuwa na Jimmy Kirunda kwenye ulinzi, Paul Ssali golini, na mbele Phillip Omondi, ambaye alimaliza mashindano akiwa na mabao matatu, sawa na Opoku Afriyie wa Ghana na Segun Odegbami wa Nigeria, na hakuna aliyewapita. Uwanja wa Lugogo mjini Kampala una jina la Omondi hadi leo.

Wazee wanaosimulia habari za 1978 huanzia nusu fainali. Mimi naona utamu uko kwenye kundi. Uganda waliifunga Congo 3-1, wakafungwa na Tunisia 3-1, kisha wakamfumua bingwa mtetezi, Morocco, 3-0. Tunisia wao walishinda ile moja tu, ya Uganda, na mbili wakatoka sare. Enzi hizo ushindi ulikuwa na thamani ya pointi mbili, kwa hiyo Uganda walikuwa na 4 na Tunisia 4. Nani wa kwanza? Kwa kipimo cha mechi baina yao, Tunisia, bila ubishi: waliwafunga Cranes 3-1. Lakini kilichotumika ni tofauti ya mabao. Uganda +3, Tunisia +2. Uganda wakaongoza kundi.

Kwa nini hilo ni jambo kubwa? Kwa sababu wa kwanza wa kundi lao alikuwa anakutana na wa pili wa kundi la wenyeji, na wa pili anakutana na wa kwanza, ambaye alikuwa Ghana mwenyewe. Tunisia wakampata Ghana, wakatolewa 1-0. Uganda wakampata Nigeria, wakashinda 2-1, wakaingia fainali. Nigeria ya Odegbami haikuwa mteremko, na sitaki mtu aseme namnyang'anya Omondi haki yake. Ila bao moja tu la ziada ndilo lililowapangia njia, na kanuni ya leo ingewapeleka nusu fainali wakutane na mwenyeji. Fainali yenyewe, Accra, Ghana walishinda 2-0, yote mawili ya Afriyie, wakawa taifa la kwanza kulichukua kombe mara tatu na wakakabidhiwa lile la awali liwe lao kabisa.

Baada ya hapo, kimya. Mwaka uliofuata utawala wa Idi Amin uliangushwa, nchi ikapita katika vita na miaka migumu. Tukumbuke pia kwamba mlango wenyewe ulikuwa mwembamba. Hadi 1990 AFCON ilikuwa ya timu nane tu. Zikawa 12 mwaka 1992, 16 mwaka 1996, na 24 mwaka 2019. Mtu anayelinganisha kikosi cha miaka ya themanini na cha leo kwa kigezo cha "kufuzu" analinganisha watu waliofanya mitihani tofauti.

Bao moja, pointi moja, penalti moja

Mwaka 2007 Cranes ya kocha Mhungaria Csaba László ilikuwa inatisha. Juni mwaka huo waliifunga Nigeria 2-1 Namboole, mabao ya Ibrahim Sekagya na David Obua. Nigeria waliongoza kundi hata hivyo, na Uganda wakamaliza wa pili na pointi 11. Nafasi tatu zilikuwa zimebaki kwa walioshika nafasi ya pili vizuri zaidi kuliko wenzao. Hapa kipimo cha mechi baina yao hakiwezekani, maana timu za makundi tofauti hazijawahi kukutana. Inabidi kurudi kwenye mabao. Afrika Kusini walikuwa na pointi 11 pia, tofauti yao ya mabao +6. Uganda +5. Afrika Kusini wakaenda Ghana 2008, Uganda wakabaki nyumbani.

Ona ilivyogeuka. Kipimo kilichowabeba 1978 ndicho kilichowaangusha 2007, na mara zote mbili kwa bao moja.

Sasa ile ya 2011, ambayo inauma zaidi kwa sababu aliyewazuia ni jirani. Kabla ya mechi ya mwisho Uganda walikuwa na pointi 10, Angola 9. Wakishinda dhidi ya Kenya, basi. Hawakushinda, na Angola siku hiyo hiyo wakaifunga Guinea-Bissau 2-0 ugenini wakafika 12. Uganda 11. Kila mtu analia na sare ya Namboole. Lakini rudi nyuma mwezi mmoja tu, Septemba, Luanda, ambako Angola waliifunga Uganda 2-0. Sare Luanda ingetosha kumaliza kazi: Uganda wangekuwa na 12 hata baada ya sare ya Kenya, na Angola wangeishia 10. Na ikumbukwe Angola hao hao walikuwa wamelambwa 3-0 Kampala. Mimi nikiulizwa Cranes walifia wapi mwaka ule, nitasema Luanda, na hapa Busia hakuna anayenikubalia.

Mwaka mmoja baadaye kanuni nyingine ikaingia. CAF iliamua kuhamishia AFCON kwenye miaka isiyogawanyika kwa mbili ili isigongane na Kombe la Dunia, kwa hiyo baada ya 2012 ikaja 2013 papo hapo. Muda wa makundi haukuwepo. Ukawekwa mchujo wa nyumbani na ugenini, na Uganda wakaangukia kwa Zambia, bingwa wa Afrika wa wakati huo. Zambia 1-0 Ndola, Uganda 1-0 Namboole kwa bao la Geoffrey Massa. Jumla 1-1, hakuna bao la ugenini la kuamua, wakaenda kwenye matuta. Zambia wakashinda 9-8. Kati ya yote ya miaka hiyo, hii ndiyo pekee ambayo niko tayari kuiita bahati mbaya bila kubishana.

Casablanca, halafu Malabo

Novemba 2014 naitazama kama darasa zima. Uganda ya kocha Milutin Sredojević, Micho kwa wote, ilikuwa kundi moja na Ghana, Guinea na Togo. Walitoka sare 1-1 na Ghana ugenini, na tarehe 15 Novemba wakawafunga Ghana 1-0 Namboole, bao la Savio Kabugo. Siku nne baadaye walikuwa Casablanca kucheza na Guinea, ambao kwa sababu ya ugonjwa wa Ebola hawakuruhusiwa kucheza kwao. Uganda pointi 7, Guinea pointi 7. Mechi ya kwanza Uganda walikuwa wameshinda 2-0.

Fanya hesabu. Sare Casablanca ingewapa wote pointi 8, kipimo cha kwanza ni mechi baina yao, Uganda wana ushindi na sare. Uganda wanafuzu. Kanuni ile ile iliyowanyima Afrika Kusini 2011 ilikuwa imewapa Cranes nusu ya tiketi mkononi. Guinea wakashinda 2-0.

Hata hapo mimi huuliza kuhusu Togo. Mwezi Oktoba Uganda walipoteza mechi zote mbili dhidi ya Togo, 1-0 Kampala na 1-0 Lomé, dhidi ya timu ambayo mwishowe haikufuzu. Timu iliyochukua pointi nne kwa Ghana ikatoka kapa kwa Togo. Kwenye kumbukumbu za mashabiki mechi hizo hazipo kabisa.

Na Guinea? Walipofika AFCON ya 2015 walitoka sare 1-1 mechi zote tatu za kundi. Mali nao 1-1 mechi zote tatu. Pointi sawa, mabao sawa, mechi baina yao sare. Vipimo vyote vikaisha. Tarehe 29 Januari 2015 maofisa walikutana hotelini mjini Malabo wakapiga kura: vipira viwili ndani ya chombo, mkono ukaingia, Guinea wakaenda robo fainali na Mali wakapanda ndege kurudi kwao bila kufungwa hata mechi moja. Robo fainali yenyewe Guinea walipigwa 3-0 na Ghana.

Kura ni kimbilio la mwisho, na si la Afrika peke yake. Italia waliingia fainali ya Ulaya ya 1968 kwa sarafu iliyorushwa baada ya sare tasa na Umoja wa Kisovieti. Kombe la Dunia la 2018 FIFA ilikuwa imeweka kipimo kingine kabla ya kura, nidhamu, na kikawaangukia Senegal: walilingana na Japani kwa pointi, mabao na mechi baina yao, wakatolewa kwa sababu walikuwa na kadi za njano sita na Japani nne. Ukimwona beki anamfokea mwamuzi dakika ya 88 wakati timu iko salama, ujue anachezea hesabu.

Kuna jambo moja zaidi watu huniuliza: kwa nini mechi za mwisho za kundi huchezwa kwa wakati mmoja? Jibu liko Gijón, Hispania, 1982. Algeria waliwafunga Ujerumani Magharibi 2-1, na walimaliza mechi zao siku moja kabla ya Ujerumani na Austria kukutana. Wale wawili waliingia uwanjani wakijua kwamba ushindi mwembamba wa Ujerumani unawapitisha wote. Ujerumani wakafunga mapema, 1-0, kisha ikawa ni pasi za kurudisha nyuma hadi mwisho. Algeria wakatolewa. Tangu Kombe la Dunia la 1986 mechi za mwisho za kundi huanza pamoja. Ndiyo maana siku kama hizo vibanda vya mpira hapa Busia huwasha televisheni mbili, moja na sauti, nyingine bubu. Bao likiingia kwenye ile bubu, aliye karibu nayo anapiga yowe na kibanda kizima kinageuza shingo.

Hatimaye

Tarehe 4 Septemba 2016, Namboole, Farouk Miya alifunga bao pekee dhidi ya Comoro. Uganda wakafika pointi 13, sawa na Burkina Faso. Mechi baina yao: sare tasa Kampala, Burkina Faso 1-0 kwao. Burkina Faso wakaongoza kundi. Cranes wakapita kwa mlango ule ule waliofungiwa 2007, wakiwa mmoja wa wawili bora kati ya walioshika nafasi ya pili, pamoja na Togo. Na hata jedwali hilo lilikuwa na doa: Chad walijitoa katikati ya mchujo, kundi lao likabaki na Misri, Nigeria na Tanzania, na kwa kuwa kundi la watatu haliwezi kulinganishwa na la wanne, wa pili wao akanyimwa haki ya kuingia kwenye hesabu. Nigeria hawakwenda Gabon.

Huko Gabon 2017 walifungwa 1-0 na Ghana, 1-0 na Misri dakika za lala salama, na sare 1-1 na Mali, Miya tena. Golini alikuwa Denis Onyango, ambaye mwezi huo huo alitangazwa mchezaji bora wa Afrika anayecheza barani baada ya kubeba Ligi ya Mabingwa na Mamelodi Sundowns. Mwaka 2019 walivuka kundi, mabao mawili yakiwa ya Emmanuel Okwi, ambaye wasomaji wa Tanzania hawahitaji kutambulishwa kwake. Senegal wakawatoa 1-0 kwa bao la Sadio Mané.

Kisha hesabu zikarudi. Mchujo wa AFCON iliyofuata ile ya Cameroon, Namboole ilikuwa kwenye ukarabati na haikuwa na kibali cha CAF, kwa hiyo "nyumbani" kwa Uganda kukawa Ismailia, kisha Douala. Machi 2023 Tanzania waliwafunga 1-0 Ismailia, bao la Simon Msuva. Siku nne baadaye Rogers Mato akalipa mwishoni kabisa mwa mechi, Dar es Salaam. Mwisho wa yote Tanzania pointi 8, Uganda 7. Msuva angekutana na Namboole iliyojaa badala ya majukwaa ya Misri, je? Hilo halina kipimo kwenye kanuni yoyote.

AFCON ya Morocco, Desemba 2025, iliwakutanisha tena Rabat, kundi moja pamoja na Nigeria na Tunisia. Msuva alifunga kwa penalti, Uche Ikpeazu akasawazisha, na dakika za nyongeza Uganda wakapata penalti. Allan Okello akaipaisha. 1-1. Tanzania walimaliza kundi na pointi mbili tu, wakashika nafasi ya tatu. Katika mashindano ya timu 24 wanne bora kati ya walioshika nafasi ya tatu hupita, na hapo tena hakuna mechi baina yao, ni mabao. Tanzania na Angola walikuwa na pointi 2 kila mmoja na tofauti ya -1 kila mmoja. Tanzania walifunga matatu, Angola mawili, na Taifa Stars wakaingia mtoano kwa mara ya kwanza. Uganda, ambao walifungwa 3-1 na Tunisia na 3-1 na Nigeria, waliondoka na pointi moja. Penalti ile ingeingia na mengine yote yakabaki yalivyo, Uganda wangekuwa na pointi 3 na Tanzania 1.

Mwaka 2027 Uganda, Kenya na Tanzania ni wenyeji, kwa hiyo hakuna wa kupigiwa hesabu kwenye mchujo. Kwenye makundi, ikiwa mfumo ni huu huu wa walioshika nafasi ya tatu, timu iliyo nyuma 2-0 dakika ya 85 iache kukimbilia mbele yote: bao la tatu la kufungwa linaweza kuwa ndilo linalotenganisha wa nne na wa tano katika jedwali hilo, na bao moja la kufunga lina uzito kuliko wengi wanavyofikiri.